Gauni la Daphne wa Bridgerton linafura tumbo: nirekebishe wapi?

sindano_tupu

Hamjambo mafundi. Nashona gauni la samawati la Daphne Bridgerton, yule wa mfululizo wa Netflix, mtindo wa msimu wa kwanza: mshono wa kiuno uko chini ya matiti, mikono mifupi ya puto, sketi inashuka hadi chini. Ni la kuvaa NAICCON, lile tamasha la vibonzo la Nairobi ambako watu huvaa kama wahusika, kwa hiyo litavaliwa kutwa nzima na kupigwa picha kutoka kila upande. Limeshaunganishwa, limebaki zipu na pindo, na halinipendezi hata kidogo.

Kiuno kinapanda juu ya matiti kila mikono inapoinuliwa, na hakirudi chenyewe. Mbele linafura kama gauni la mjamzito. Shingo inaachia, ukiinama kidogo kila kitu kiko wazi. Mikono ya puto imelala kama imenyeshewa.

Vipimo kwa inchi: kifua 38, chini ya matiti 33, nyonga 42, bega hadi sakafuni 57. Kipande cha juu nilikikata inchi 11 kutoka begani nikifuata picha. Sketi ni vipande viwili vya upana mzima wa 58, urefu 47 na nusu, nimevuta marinda sawasawa kuzunguka pande zote. Kitambaa ni satini ya polista, nilinunua mita 5, imebaki kama mita 1 na nusu. Je, linaokoka au nianze upya?

fundi_wa_isili

Sketi inaokoka. Kipande cha juu hakiokoki, kikate kingine, na mita 1 na nusu inakutosha.

Tuanze na hiyo 11. Picha inadanganya kwa sababu waigizaji wamevaa koseti inayoinua matiti, kwa hiyo mshono unaonekana uko juu sana. Uhalisi ni kwamba mshono haukupandishwa, matiti ndiyo yaliyopandishwa. Vaa sidiria utakayovaa siku hiyo, kaza kamba zake, kisha funga lastiki nyembamba chini ya matiti, pale kwenye mbavu. Ruka kidogo, inua mikono, acha lastiki itulie yenyewe. Ndipo upime kutoka begani karibu na shingo, upitishe tepu juu ya ncha ya titi, hadi kwenye lastiki. Kwa kifua cha 38 utapata kama 13 au 13 na nusu. Mshono wako wa 11 umekaa juu ya mteremko wa titi, na kitambaa kikikaa kwenye mteremko lazima kitafute penye wembamba. Huwezi kukizuia kwa kukibana zaidi, ukikibana ndivyo kinavyopanda.

Sasa kufura. Marinda yako yamegawanywa sawa mbele na nyuma. Inchi 116 ndani ya 34 ni zaidi ya mara tatu, na nusu ya hayo marinda yanaanzia chini ya titi, mahali ambapo kitambaa tayari kimesukumwa mbele. Kikianzia hapo kinashuka wima kutoka ncha ya titi bila kugusa tumbo, na macho ya mtu yanajaza hilo pengo kwa mimba. Magauni ya mtindo huu mbele huwa yamelala. Wingi wote unapelekwa nyuma, katikati ya mgongo.

Kwa vipimo vyako: mshono wa chini ya matiti uwe 34, yaani 33 na inchi 1 ya kupumulia. Mbele upe 18, nyuma 16.

Sketi ya mbele: chukua kipande kimoja cha 58, ukikate kitanuke kuelekea chini. Juu 20 (18 ya mshono, 1 ya kulegeza chini ya matiti, nusu inchi kila upande ya kushonea), chini 33. Pembe mbili za chini zipandishe nusu inchi kwa mkunjo laini, maana upande uliokatwa kwa mteremko ni mrefu kuliko katikati, na usipofanya hivyo pindo litaning'inia pembeni.

Sketi ya nyuma: kile kipande kingine kipunguze upana kiwe 37. Weka alama inchi 4 kutoka kila mshono wa ubavu. Hizo nne nne zinalala bapa, marinda yote yanaingia kwenye inchi 8 za katikati. Usiyasambaze hadi ubavuni, hapo ndipo nyonga inanenepeshwa bure.

Urefu nao ukate upya kutoka juu, si chini. 57 toa 13 na robo toa inchi 1 ya kuinuka kutoka sakafuni inabaki 42 na robo tatu. Ongeza nusu ya mshono na 2 za pindo. Unapunguza kama inchi 2 na robo tu.

mshazari

Nakubaliana na fundi juu ya sketi. Lakini kabla hajakata kipande kipya, dada, pima shimo la mkono. Umesema kiuno kinapanda *mikono inapoinuliwa*. Hiyo si dalili ya urefu peke yake.

sindano_tupu

Shimo la mkono nimelizungushia tepu, ni 20. Paterni niliitoa kwenye gauni langu la kawaida la kutokea.

mshazari

Basi hapo pana kosa la pili, na ungekata kipande kirefu ukaacha shimo la 20 tatizo lingebaki vilevile.

Shimo likiwa la chini sana, kitambaa cha ubavuni kinakuwa kifupi. Mkono ukipanda unavuta ubavu wote, na kwa kuwa kipande cha juu hapa kina inchi 4 au 5 tu chini ya kwapa, hakuna kitambaa cha kukopa. Kwenye gauni la kiuno cha kawaida huoni kwa sababu kuna inchi nyingine kadhaa za kulegea kabla ya mshono. Watu hudhani shimo kubwa ndilo la starehe. Ni kinyume: shimo lililokaribia kwapa ndilo linaloachia mkono uende peke yake. Chini ya kwapa acha nusu inchi, isizidi robo tatu. Kwa kifua cha 38 utaishia kwenye 17 hivi. Nyuma pia ufinye: mshono wa mkono upite kwenye mfupa wa bega, usidondoke juu ya mkono.

Kata kwanza cha kujaribia kwa marekani. Si satini, ni ile pamba ya kawaida isiyopaushwa, nusu mita na kidogo inatosha. Weka dati (mikunjo ya kufinya kitambaa kifuate umbo) mbili mbele, moja chini ya kila titi, upana inchi 1 na robo kwenye mshono, na ncha yake iishie inchi moja chini ya ncha ya titi. Ikifika hadi nchani inatoa kichuguu.

Shingo inayoachia itatibika kwenye hiyo marekani. Shingo pana ya chini inapita kwenye uwazi kati ya bega na titi, na hapo tepu ni fupi kuliko ulivyokata. Vaa, bana ile ziada kwa pini (mara nyingi ni nusu inchi kila upande, kwa kifua kikubwa inafika robo tatu), chora mstari kutoka hapo hadi ncha ya titi, kata kwenye karatasi na uizungushe hiyo ziada iingie kwenye dati ya chini. Usiitoe kwa kukata pembeni, utaharibu shimo la mkono. Halafu ukishakata kitambaa chenyewe, kabla hujakigusa kwa jambo lolote, piga mshono mmoja kuzunguka shingo, ndani kidogo ya mstari wa kushonea. Mduara wa shingo una sehemu zilizokatwa hanamu na zinanyooka ukizishikashika tu. Shingo nyingi zinazoachia zilikatwa vizuri kabisa, zikaharibika zikiwa zimelala mezani.

bi_makasi

Mumemwachia satini? Satini ya polista chini ya mwanga wa kamera inang'aa kila inapokunjika, na marinda yako yote ni mikunjo. Hata ukirekebisha umbo, picha itatoka kama gauni la msimamizi wa harusi.

Usiitupe, ifanye ya chini. Juu yake weka kitambaa chepesi kinachoona ndani, oganza au shifoni nyeupe, au ya samawati iliyofifia zaidi ya satini. Rangi mbili zikipishana ndipo unapata ile samawati ya unga ya familia ya Bridgerton. Akina Featherington, familia nyingine ya mfululizo huo, ndio wenye manjano na kijani cha kupiga kelele, kwa hiyo kuwa mwangalifu usiokote samawati iliyokolea, mtu atashindwa kukujua ni nani. Tembea na kipande cha satini yako, ukiweke chini ya oganza dukani, utoke nayo mlangoni uitazame kwenye jua. Taa za dukani hazifai kwa kazi hiyo.

Kabla hamjaniambia kwamba wakati ule walivaa pamba: najua. Hadithi imewekwa London mwaka 1813, na melimeli nyepesi kutoka India ilikuwa imetamba miaka mingi kabla yake. Lakini mfululizo haukujifunga na historia. Ellen Mirojnick, aliyebuni mavazi ya msimu wa kwanza, aliachana na boneti na akapaka rangi na mapambo kwa wingi, kitambaa angavu juu ya kizito. Anayeshona mhusika anashona kile kilichoonekana kwenye skrini.

Oganza ya upana wa 58, nunua mita 3. Urefu mara mbili ni kama inchi 90: mmoja wa sketi ya nyuma, upana mzima bila kupunguza, na mwingine wa mbele. Kwenye ule wa mbele unabaki ukanda wa inchi 25 pembeni, hapo unatoa mikono na kipande cha juu. Ukipata ya 45 chukua mita 3 na nusu. Oganza ni nyembamba, hata mara sita inaingia kwenye zile inchi 8 za nyuma bila kuwa gogo. Ndiyo maana fundi alikupunguzia satini iwe 37. Ukivuta zote mbili za 58 pamoja, mshono unakuwa mnene na unasukuma mgongo nje.

Vuta kila kitambaa marinda yake peke yake, mistari miwili ya mshono mrefu, mmoja juu ya mstari wa kushonea na mwingine chini yake. Kisha unganisha. Mstari mmoja tu hupindua marinda, yanalala upande yanapopita chini ya mguu wa cherehani.

fundi_wa_isili

Bi Makasi kanipita kwa satini, sibishi.

Nyongeza kuhusu mahali pa kununua. Wengi wanakimbilia oganza ya mapambo ya ukumbi kwa sababu ni rahisi. Ile ni ngumu kama karatasi, inasimama mbali na mwili, utarudi kulekule kwa mimba. Uliza oganza laini, ikunje kiganjani uiachie: ikirudi kwa ghafla na kelele, si yenyewe. Hapa Eastleigh pia angalia vitambaa vya dirii, vile vyepesi vya kuona ndani wanavyovaa Wasomali kwenye sherehe. Vinashuka vizuri na vingine vina nakshi tayari. Chagua chenye maua madogo yaliyotawanyika, yale makubwa ya kifuani hayataangukia unapotaka.

mshazari

Au sari. Maduka ya Ngara na Parklands yana sari nyepesi za shifoni, na sari ina faida moja ambayo mita za kawaida hazina: upana wake ni kama inchi 45, na pindo lake limeshatariziwa kwenye ukingo. Kwa hiyo ilaze, upana wa sari uwe ndio *urefu* wa sketi. Yeye anahitaji kama 43 na robo tu ikiwa pindo haligeuzwi, ukingo wenyewe unakuwa pindo. Kwa mtu mrefu zaidi yake haitoshi, apime kabla ya kulipa.

Sharti moja: ukingo ni mstari ulionyooka, hauwezi kupandisha zile pembe za nusu inchi. Punguza mtanuko wa mbele, chini iwe 26 badala ya 33, tofauti ya urefu inakuwa ndogo haionekani. Mbele na nyuma vitakula kama mita 2 na robo, nayo sari ni ya mita 5 na kitu. Ile ncha iliyojaa nakshi igawe kwa mikono na kipande cha juu.

sindano_tupu

Asanteni sana. Nimekata marekani, 13 na robo na shimo la 17, na tayari hakipandi. Nimeelekea kwa sari. Maswali yaliyobaki: mikono, na zipu niiweke wapi kama marinda yako katikati ya mgongo?

fundi_wa_isili

Zipu ubavuni kushoto, ile ya kujificha, inchi 14. Anza inchi moja chini ya kwapa, ipite mshono wa kiuno, iingie kwenye sketi. Ishone kwenye satini na oganza ya kipande cha juu, lakini ikifika kwenye sketi ishike satini peke yake. Oganza ya sketi iachie mpasuko wake wenye pindo jembamba. Ukizishika zote, meno yanaitafuna oganza siku ya kwanza.

Na usisahau utepe wa ndani. Utepe mgumu wa upana wa inchi 1, urefu 33 kamili na ziada ya kugeuza ncha. Ushikize kwa mkono kwenye nafasi ya mshono wa chini ya matiti, katikati mbele, kwenye dati, na mgongoni, huku ncha zikiwa huru kwenye zipu na kulabu mbili. Mtu anafunga kulabu kwanza, ndipo zipu. Sketi yote inaning'inia kwenye utepe badala ya kuning'inia kwenye mabega, na mshono unakaa palepale hata ukikaa kwenye matatu. Mafundi wa magauni ya harusi hufanya hivi kila siku, sijui kwa nini kwenye magauni ya maigizo watu huruka.

bi_makasi

Mikono.

Imelala kwa sababu mbili. Satini ni nzito na laini, na hakuna kitu ndani cha kuishikilia. Kwa shimo la 17, mstari wa juu wa mkono uwe 25. Usipate hizo inchi 8 kwa kukata tu mkono mpana. Chora mkono wa kawaida wa urefu wa inchi 6, upasue wima mara tano kutoka juu, utawanye, halafu kilele ukiongeze urefu wa inchi 1 na nusu. Upana bila urefu hutoa mkono uliojaa pembeni na bapa juu, na puto linatakiwa lipande. Marinda yaanze juu kidogo ya usawa wa kwapa mbele, mengi yawe kileleni na kuelekea nyuma. Chini ya kwapa pasiwe na rinda hata moja.

Ndani weka mkono mwingine, wa kawaida, usio na puto, mfupi kwa inchi moja, wa pamba nyepesi. Vyote viwili viingie kwenye mkanda mmoja: mzunguko wa mkono na inchi 1. Mkono wa ndani ukiwa mfupi unauvuta wa nje juu, unafura wenyewe. Kama bado haukuridhishi, kata ukanda wa neti ngumu upana wa inchi 3 na urefu wa 14, uukunje kati kwa urefu, uuvute marinda uwe 7, uushone kileleni kwenye nafasi ya mshono, ukielekea ndani ya mkono. Uzungushie pamba, neti inakwaruza.

mshazari

Kwa oganza au sari, toa hiyo sindano namba 14 iliyomo kwenye cherehani. Weka 9, au 11 ikikosekana, mpya. Namba 14 inatoboa tundu linaloonekana na inavuta nyuzi mstari mzima. Mshono usizidi milimita 2, legeza uzi wa juu kidogo, na kitambaa kikimezwa chini mwanzoni mwa mshono, anza juu ya kipande cha karatasi nyembamba, utaichana baadaye.

Ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo, usiitumie kwenye mishono ya ubavu ya kitambaa kinachoona ndani, itaonekana kama njia ya reli. Shona kwanza pande za ndani zikitazamana, robo inchi, punguza iwe nusu yake, geuza, piga tena robo inchi ili nyuzi zifungiwe ndani. Ubavu wenye zipu ndio pekee hautakubali, huo kunja ukingo kwa mkono. Pasi iwe kwenye moto wa chini kabisa na kitambaa cha pamba kati. Polista haiungui kwanza, inasinyaa, na ikisinyaa haikunjuki.

sindano_tupu

Na pindo la satini, kwa kuwa sari haina pindo?

fundi_wa_isili

Litundike gauni usiku kucha kwanza, pande za mbele zilizokatwa mteremko zitashuka. Asubuhi livaliwe pamoja na viatu vya siku hiyo, mtu mwingine apime kutoka sakafuni kwenda juu kwa rula, siyo kutoka kiunoni kwenda chini. Satini iishie inchi 1 juu ya ukingo wa sari. Pindo la inchi 2 ni zito kwa satini unayotaka ijifiche, kwa hiyo punguza libaki inchi 1 na ulishike kwa mkono. Na kama sari ina nakshi za shanga kwenye ukingo, zitoe zile zinazoangukia kwenye nafasi ya mshono wa ubavu kabla hujapitisha cherehani. Sindano namba 9 ikigonga shanga inakatika.